Kesho Batacheza Yetu

Mwape, mwanangu,

Usicheke. Najua ukifika kwenye neno hilo la pili utageuza karatasi kuangalia nani ameandika. Ni mimi, Yaya wako Chantal, dada yako wa tumbo moja. Nina miaka kumi na tisa, wewe una kumi na miwili, na hakuna hesabu inayoweza kunifanya mama yako. Lakini nimekulea miaka mitano, kesho unaondoka, na neno hilo nimelifungia mdomoni muda mrefu mno. Liache likae hapo juu.

Umetoka kwenda kuaga uwanja nyuma ya kanisa. Bibi yetu Nkambo amelala barazani, redio juu ya tumbo, inaimba peke yake. Nina saa moja na nusu kabla hujarudi na matope hadi magotini. Mambo ya sabuni, ya daftari na ya dawa ya malaria nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, iko ndani ya kiatu chako cha kushoto. Hii ni ya mengine.

Ninaandika kwa sababu unanijua. Mbele ya watu sauti yangu inaishia kooni, na mbele yako, kwa jambo hili, ni vilevile. Kwa Kifaransa ninaweza kujibu swali la mwalimu kwa kuwa jibu lake liko daftarini. Kwa Kiswahili chetu cha nyumbani nitalia kabla sijafika katikati. Kwa hiyo nimechukua Kiswahili hiki cha kitabu cha sala, kile tulichosomea shule ya msingi, kinachotembea taratibu. Kikiniponyoka mahali, nisamehe.

Nalisema sasa, nisije nikalizunguka hadi urudi. Mpira wa pete hauko katika Michezo ya Olimpiki. Haujawahi kuwemo. Na Mama hakusema hata siku moja kwamba utaenda huko na bendera ya Congo mgongoni. Aliyesema ni mimi.

Unakumbuka kilio cha Mama, siku zile za matanga, lakini unakikumbuka kutoka chini ya meza. Ulikuwa na miaka saba. Uliingia humo siku ya kwanza ukiwa umekumbatia ule mfuko wenye vizibao vya mchezo, na ulikataa kutoka. Nyumba ilijaa wamama, mikeka hadi jikoni. Mama Mukubwa Veronika, dada ya Mama, alikuwa amefika kutoka Mansa, akapiga magoti, akakubembeleza kwa Kibemba. Ukamgeuzia mgongo. Nkambo akakuletea samaki. Hukugusa. Siku ya tatu wakaanza kunong'ona kwamba mtoto huyu anamfuata mama yake.

Nikachukua sahani ya ugali wa bukari na kipande cha samaki wa tomson, nikaingia chini ya meza nami. Nilikuwa na miaka kumi na minne, magoti yangu yaligusa kidevu.

"Mwape, kula."

"Mi sina njala."

"Mama alisema ukule."

Hapo ukainua macho mara ya kwanza. "Alisema nini? Alisema nini ya mwisho?"

Swali hilo sikulitegemea. Nitakuambia leo alichosema, kwa kuwa nilikuwa karibu naye kuliko wote. Walipokuwa wanamtoa nyumbani kwenda hospitali, alishika mlango wa jikoni, akaangalia mbingu, akasema, "Mutoshe manguo ku kamba, mvula inakuya." Basi. Tukamfuata barabarani, hakuna aliyetoa nguo. Kesho yake vizibao vyake tulivikuta chini, katika matope, na vile ulivyovikumbatia vilikuwa bado vina unyevu.

Sasa maneno gani hayo ya kumpa mtoto aliye chini ya meza? Niliangalia mfuko mapajani mwako, nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Alisema utaenda ku Jeux Olympiques. Utacheza netiboli, na drapeau ya Congo ku mugongo. Muntu hanakula atakimbia namna gani?"

"Alisema kweli?"

"Kweli."

"Congo?"

"Congo."

Ukaangalia sahani muda mrefu. Halafu ukamega tonge. Ulikula yote, ukanyonya na mifupa. Nkambo akainama kuchungulia chini ya meza, akawaambia wamama, "Muone. Huyu Chantal njo mama sasa." Wakaitikia wote, na mimi, Mwape, siku ya tatu ya kilio cha mama yangu, nilijisikia fahari. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko uongo wenyewe.

Sikujua kama ni uongo. Nilidhani kila mchezo unaoshindaniwa na watu uko Olimpiki, kama vile kila mtakatifu alivyo mbinguni. Mama alikuwa ametuonyesha mchezo huo kwa heshima kubwa mno, nisingeweza kufikiri kwamba kuna mahali duniani haujulikani. Wewe humkumbuki vizuri akiwa uwanjani, kwa hiyo acha nikupe hicho, ambacho ni cha kweli.

Mama alizaliwa Kasenga, upande wetu, lakini alivushwa mto Luapula akiwa mdogo, akalelewa kwa ndugu zake kule Mansa, Zambia. Huko shuleni wasichana wote wanacheza mpira wa pete. Alipoolewa hapa Lubumbashi alikuta hakuna anayeujua. Akamwomba jirani mwenye kuunganisha vyuma amkunjie pete mbili, akazichomeka juu ya bomba, akazisimika nyuma ya kanisa letu la Hewa Bora. Akashona vizibao saba kwa mifuko ya unga, akaviandika herufi kubwa nyeusi kifuani, kila herufi na kazi yake: huyu anafunga, huyu analinda, huyu mwenye C anakaa katikati na kuunganisha wote. Wapita njia walisimama kwenye ukuta.

"Bamama, hii basket ya bagonjwa? Juu ya nini hamukimbie na mupira?"

Na Nkambo, ambaye ni mama yake mzazi na hakumwonea huruma, alikuwa anasema kila jioni, "Mupira gani huu, bantu banasimama kama banangojea bus?"

"Banangojea mupira, Mama," alijibu huku anacheka. "Mupira yenyewe inafikaka. Bus yenu njo haifike."

Pembeni ya pete zetu kulikuwa na goli la basket la parokia, lenye ubao nyuma. Wasichana wakataka kujifunzia hapo kwa kuwa ni rahisi: unatupa, mpira unagonga ubao, unaingia. Mama alikataa kabisa. "Ubao inasamehe," alisema. "Unatupa mubaya, ubao inakurudishia ndani, unafikiri unajua. Pete haisameheke muntu. Mutafute pete." Na alihesabu kwa sauti, kwa kuwa katika mchezo ule hairuhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu: moja, mbili, tatu, achia. Moja, mbili, tatu, achia. Nilikuwa mbaya sana uwanjani. Nilikuwa naogopa nimpe nani, nikabaki nimeukumbatia hadi filimbi. Wewe, ukiwa na miaka mitano, ulikuwa unaachia kabla hajasema mbili.

Baada ya kilio nikawa mama, kama walivyosema. Papa, baba yetu, alikuwa tayari na nyumba yake nyingine Kolwezi, hilo unalijua. Nkambo alikuwa na miguu yake mibaya. Nilikusuka, nilikupeleka shule, nilijifunza kupika majani ya sombe yasiyo na mchanga. Na hapo kuna kosa la pili, ambalo labda umelisahau, labda la.

Ilikuwa mlangoni pa shule, mwaka mmoja baada ya kilio. Nilikuwa nimesimama na wasichana wa darasa langu. Ulitoka unakimbia, kiatu mkononi, ukapaza sauti, "Mama, mama, kamba imekatika." Wenzangu wakanigeukia. Mmoja akasema, "Kumbe Chantal iko na mutoto. Na hasemake kitu." Wakacheka, si kwa ubaya. Nikaona haya. Nikakuambia, mbele yao, "Mi haiko mama yako. Mama yako alikufa."

Ukasimama. Ukavaa kiatu hivyohivyo bila kamba. Njiani kurudi ulitembea nyuma yangu, si pembeni.

Hukuniita hivyo tena. Msimu wa mvua uliopita, ulipopata homa ile mbaya, uliweweseka hadi asubuhi, na hata katika kuweweseka uliita "Yaya." Nilikaa pale na kitambaa cha maji nikingoja neno lile lingine likuponyoke. Halikutoka. Watu husema kwamba mwenye haya hana madhara kwa mtu. Si kweli, Mwape. Mkali anasema mengi na mengi yanapita. Mimi nasema mara moja, na ile mara moja inabaki.

Sasa nije kwenye kile kiangazi ambacho Michezo ya nchi zinazosema Kifaransa ilifanyika Kinshasa.

Ulikuwa na miaka tisa. Ulisikia redioni mwa Nkambo kwamba mataifa yanakuja, wakimbiaji, mabendera, na ukaamua kwamba hii ni Olimpiki au mdogo wake. Siku ya kwanza ulivaa kizibao cha C juu ya gauni na sweta, tukaenda kwa Mama Fifi kwa sababu ana televizyo. Mama Fifi alikuangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mutoto, hii gilet ni ya nini? Unaenda kuchimba ku Kinsevere?"

"Ni ya netiboli," ulisema.

"Ya nini?"

"Utaona. Batacheza."

Tukaona wakimbiaji. Ulikaa chini, mgongo umenyooka kama uko misa. Picha zilipokwisha ukanivuta mkono.

"Yaya, yetu batacheza siku gani?"

"Kesho," nikasema.

Kesho yake walionyesha judo. Kesho yake mieleka. Siku moja wakaonyesha basket ya wanawake, ukasimama kabisa, halafu ukakaa. "Hii iko na ubao," ulisema, na Mama Fifi akasema, "We mutoto, unataka nini? Si mupira?" Ulijibu kwa adabu sana kwamba yetu bado. Njiani ukaniuliza tena, nikasema tena kesho. Ulikuwa unafua kizibao kila asubuhi na maji yale ya baridi ya mwezi wa saba, ukikianika, ukikivaa kingali na unyevu. Siku kama kumi hivi. Nilikuwa naweza kukuambia siku yoyote kati ya hizo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, si kumi na minne tena, na nilikuwa nimeanza kushuku.

Siku ya mwisho walizima mwenge. Ulibaki umekaa wakati Mama Fifi anakunja waya.

"Yaya, imeisha?"

"Yetu inachezwaka mu Olimpiki yenyewe. Haiko hapa."

"Aah," ulisema, kama mtu aliyepumua. "Njo maana."

Juma lililofuata niliazima simu ya mwenzangu shuleni, nikasoma. Nilisoma orodha ya michezo ya Olimpiki mara tatu, kama mtu anayetafuta jina lake katika matokeo ya examen d'État, mtihani wa taifa. Kuna kupiga mishale. Kuna kupiga makasia. Kuna kurusha tufe la chuma na kuna farasi wanaocheza dansi. Mpira wa pete haumo. Katika Michezo ya Afrika safari moja umo, safari nyingine haumo. Mahali pake hasa ni Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambayo ni ya nchi ambazo nyingi zilitawaliwa na Waingereza. Huko una uwanja wake na watu wanajaa. Malawi wamefika huko, Uganda wamefika, wasichana kama sisi, weusi, wembamba, pete isiyo na ubao. Nilitazama picha zao hadi mwenzangu akadai simu yake.

Congo haimo katika jumuiya hiyo. Zambia imo. Sisemi kwamba Zambia wanafika kila mara, hapana, wanaoingia ni wachache na mlango ni mwembamba. Lakini wao wanaweza kugonga. Sisi hatuna hata mlango. Mto mmoja tu katikati, Luapula, ule Mama aliouvuka akiwa mtoto, na upande mmoja wa maji mchezo wake una njia, upande mwingine hauna.

Nilirudi nyumbani nikakukuta unafanya mazoezi ya kuruka ukutani, unaweka alama na makaa. Ukaniambia, "Yaya, ona, nimefika ku dirisha." Nikasema vizuri sana. Uongo wa chini ya meza ulikuwa wa mtoto. Huu ulikuwa wa mtu mzima.

Na bado sijafika chini kabisa.

Mwaka jana Mama Mukubwa Veronika alipiga simu akitaka kukuchukua. Kule kuna shule yenye timu, ana chumba, watoto wake wamekua. Nilikuuliza, unakumbuka nilivyouliza? Nilikuwa nachambua mchele, sikuinua kichwa. Nikasema, "Hautaki kuenda ku Mansa, eh?" Hivyo ndivyo mtu anavyouliza akiwa tayari ameshika jibu.

Ukafikiri. Ukasema, "Nikikaa kule, batanipanga muchezo ya Zambia. Mama alisema Congo."

Nikafurahi. Nilikuwa nimetoka kukusikia ukikataa mlango pekee ulio wazi, kwa ajili ya maneno niliyoyatunga mimi, na nikafurahi kwa sababu utabaki. Nikamjibu Mama Mukubwa, "Mwenyewe hataki." Nikaendelea na mchele. Sikuwa nakulinda tena. Nilikuwa nimekumbatia mpira hadi filimbi, kama zamani.

Kilichonibadilisha ni alasiri moja ya mwezi wa kumi. Unajua timu ya Mama ilivyokwisha: mmoja aliolewa, wawili wakahamia Likasi, wengine wakaenda kwenye basket ya parokia kwa kuwa huko kuna viatu na safari. Nilikuja kukuita kwa ajili ya chakula, nikasimama kwenye ukuta. Ulikuwa peke yako uwanjani. Vizibao sita ulivipanga chini mahali pa kila mchezaji, jiwe juu ya kila kimoja kwa sababu ya upepo. Cha C ulikivaa. Ukarusha mpira kuelekea kizibao cha pembeni, ukakimbia, ukavua C, ukavaa kile kingine, ukauokota mpira, ukarusha kwa mfungaji, ukakimbia tena, ukavua, ukavaa, ukafunga. Halafu ukarudi katikati ukihesabu kwa sauti ya Mama. Moja, mbili, tatu.

Sikukuita. Nilirudi nyumbani, nikamwambia Nkambo kwamba chakula kitachelewa, nikampigia Mama Mukubwa. Sauti ilitoka, sijui kutoka wapi.

Alikuja kabla ya Noeli, na ulijua amekuja kwa ajili ya shule. Kuna karatasi nilitia sahihi siku ile mezani. Tulikuambia ni ya shule. Ni ya shule, na ni zaidi. Mama Mukubwa atakupeleka mbele ya tribunali, mahakama ya kule, uandikwe mtoto wake kabisa, na kwa njia hiyo, siku moja, ukitaka, unaweza kuwa mtu wa kule hata kwa sheria. Kwake hakuna ajabu. Alinishangaa nilipokuwa nageuzageuza kalamu.

"Chantal, unaogopa nini? Mutoto ya mudogo yangu ni mutoto yangu. Ku kwetu haiko aunt. Iko bamama tu, mukubwa na mudogo. Hata wewe uko wangu. Ukuye pia."

"Na Nkambo?"

Akaangalia barazani. Nkambo alikuwa anajifanya hasikii, redio imezimwa.

"Miguu yake haivuke," Mama Mukubwa alisema taratibu.

"Basi mi niko na yeye."

"Mi sikuomba muntu anibakie," Nkambo akasema kutoka nje. Sote watatu tulijua kwamba lazima mtu abaki.

Kwenye karatasi, chini ya sahihi ya Papa iliyotoka Kolwezi, palikuwa na nafasi ya mtu anayekuachia. Nikaandika jina langu. Kwa desturi ya wazee wetu sikutoa kitu, wewe ulikuwa wake tangu kuzaliwa, na mimi vilevile. Lakini mkono wangu ulijua unafanya nini.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe juma lililopita, ulipokuwa unafunga mfuko, ukasema kwa furaha, "Yaya, naenda kujifunza tu. Nikikomaa narudi, nichezee Congo mu Olimpiki. Hata banipatie nini kule, nitakataa. Juu ya Mama." Na ukaimba.

Ndiyo sababu ya barua hii. Nisipokuambia, utavuka maji ukiwa umembeba marehemu mabegani, na siku watakapokunyooshea gauni la kuchezea utakataa kwa jina lake, ukingoja michezo ambayo haipo.

Kuna kitu kimoja cha kweli ambacho Mama aliniambia juu ya hayo, mara moja, tulipokuwa tunashona vizibao. Alisema kwamba akiwa msichana kule Mansa walimchagua kwenda kucheza na wasichana wa jimbo. Walipanga mstari, mwalimu akaandika majina, na kila mmoja alisema mahali alipozaliwa. Mama akasema Kasenga. Mwalimu akainua kichwa, akamwuliza kama ni ng'ambo, akasema ndiyo, na kalamu ikapita juu ya jina. Siku ya mchezo Mama aliwabebea wenzake maji. Alisimulia hivyo tu, akakata uzi kwa meno, akaniomba nimpe sindano nyingine.

Utataka kuniuliza: basi angependa nichezee wapi? Angefurahi niandikwe kule, au angelia? Mwape, sijui. Nimewaza miezi mitatu, na ningeweza kukutungia jibu zuri sana, nina kipaji hicho. Sitafanya. Sitakuambia tena Mama angetaka nini. Alichosema ninakijua, nimekuandikia hapo juu, kilikuwa juu ya nguo na mvua.

Ukipewa gauni la kule, livae au ulikatae, lakini kwa ajili yako. Ukirudi kucheza hapa nyuma ya kanisa, na watu sita tu, pia ni vizuri, nitakuwepo nikiokota mipira inayotoka. Na kama siku moja utaonekana kwenye televizyo katika ile michezo ya Madola, nitaenda kwa Mama Fifi mapema nikae mbele. Sijui kama nitapiga kelele kwa ajili ya bendera isiyo yetu. Lakini unanijua, mimi sipigi kelele hata kwa ajili ya yetu.

Unaweza kunikasirikia. Una safari nzima hadi Kasenga ya kukasirika, na barabara ile wakati wa mvua ni ndefu. Ukifika ng'ambo kama bado umekasirika, usinijibu haraka ili tu kunifurahisha. Neno ulilolikata siku ile mlangoni pa shule silidai. Nililitupa mwenyewe, mbele ya watu. Nimeliandika mwanzoni kutoka upande wangu tu, ili ujue kwamba upande huu lilikuwepo siku zote.

Asubuhi hii, ukipiga mswaki, uliniuliza, "Yaya, gari yangu inatoka siku gani?" Ulikuwa unajua vizuri. Nikasema kesho. Ukanikazia macho, povu mdomoni, kama ulivyonikazia njiani kutoka kwa Mama Fifi. Kesho hii ni ya kweli, mwanangu. Ya kwanza ya kweli niliyokupa.

Vizibao vyote saba nimevifua, ni vyako, vitaenda nawe. Herufi ya C ilikuwa inafifia, nimeipitia upya na wino. Viko nje vinakauka, na sasa hivi mwanga umebadilika juu ya karatasi, na Nkambo ameamka ananiita. Naacha hapa. Naenda kutosha manguo ku kamba, mvula inakuya.

Chantal